Kalamu Mbele ya Pua

"Mama, hapo usisome. Ngoja tufike Naivasha."

Mzee wa dirishani alikuwa ameniona nikifungua simu. Tulikuwa tumeshaipita Limuru, matatu imejaa, na upande wa kushoto Bonde la Ufa lilikuwa likijitokeza na kujificha nyuma ya vibanda vya wauza ngozi za kondoo. Nikaifunga simu. Kijana wa kiti cha mbele, ambaye macho yake hayakuwa yamebanduka kwenye filamu yake tangu Nairobi, hakuwa na mzee wa kumwonya. Kabla ya Kinungi alikuwa akiomba mfuko wa kutapikia. Katika nchi iliyopiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 2017 alipewa gazeti, na bahati yake lilikuwa nene, la Jumapili.

Kilichompata kina undugu na jambo lililonitoa Mombasa. Ndani ya sikio, kupita ngoma, mna vifereji vitatu vyenye majimaji, kila kimoja kimeelekea upande wake. Kichwa kikigeuka, majimaji huchelewa kidogo nyuma ya mwendo, vinywele vya ndani hupinda, na ubongo ukajua umegeuziwa wapi na kwa kasi gani. Macho nayo huleta habari zao, na nyayo, na shingo. Ubongo huzilinganisha zote bila kukushirikisha. Masikio ya kijana yule yalisema gari linapinda na kuteremka, na macho yake yakasema amekaa tuli sebuleni. Mzima wa afya akipewa habari mbili zinazopingana hutapika. Ubongo uliotikiswa hushindwa kuzipatanisha hata zile zinazokubaliana, na ndiyo maana siku hizi mchezaji aliyegongwa kichwa hupimwa macho na mizani ya mwili, na si kuulizwa tu kama kichwa kinamuuma.

Nilikuwa nakwenda Nakuru kuona watoto wa shule wakipimwa kabla hawajaumia.

Bonde la Ufa nilikuwa silijui ila kwa ramani na kwa hadithi za madereva wa malori. Mwenyeji wangu alikuwa mtaalamu wa viungo, mwanamke mzaliwa wa Molo, ambaye alikubali nimfuate kwa sharti moja: nisimtaje yeye, wala shule, wala mtoto yeyote. Kwa hiyo nitasema tu kwamba ni shule ya bweni ya wavulana, upande wa Njoro, penye baridi ya asubuhi ambayo mtu wa Pwani hawezi kuisamehe.

Naivasha tukaipita, Gilgil tukaipita, tukaliona ziwa Elementaita likimeta, na pale Kikopey moshi wa nyama choma ukaingia madirishani hata waliokuwa wamelala wakaamka. Nakuru yenyewe ilipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, na bado wenyeji wanalitamka neno hilo kwa tabasamu, kama watu waliovaa suti mpya. Nilitaka kuwaona heroe. Nikaambiwa ziwa limefura miaka hii hata likalimeza lango kuu la zamani la mbuga, na heroe wengi wamehamia Bogoria. Basi.

Ukiuliza michezo Nakuru utajibiwa raga kwanza. Klabu ya Nakuru ilichukua Kombe la Kenya 2013 na 2014, ikiwatoa jasho wababe wa Nairobi waliozoea kugawana kombe hilo wao kwa wao. Uwanja wa Nakuru Athletic huandaa mashindano ya Prinsloo, ya wachezaji saba kila upande, na siku hizo hoteli hujaa. Menengai Oilers nao ni wa hapahapa. Kijana wa Njoro, Molo au Gilgil anayeukimbiza mpira wa yai leo anajua hasa njia inapoelekea: timu ya shule, klabu ya mjini, pengine timu ya taifa. Hilo ni jambo jema, na ndilo pia linalomfanya aseme "niko sawa" hali hayuko sawa.

Vipimo vilifanyika kwenye ukumbi wa kulia chakula, Januari, wiki ya pili ya muhula, harufu ya maharagwe ya jana bado ipo. Daktari (wavulana walimwita hivyo, naye alishachoka kuwakosoa) alikuwa na vifaa vyake kwenye mfuko wa kamba: futi ya fundi cherehani, utepe wa kubandika sakafuni, saa, simu yenye programu ya kugonga mapigo, na kalamu iliyobandikwa karatasi yenye herufi moja ndogo. Ukiondoa simu, vyote pamoja havifiki bei ya njumu za nahodha. Nilikuwa nimetarajia mashine.

Alianza na miguu. Mvulana anavua viatu, mikono kiunoni, macho yamefumbwa, anasimama sekunde 20. Kwanza miguu yote miwili pamoja, kisha mguu mmoja, ule asioupigia mpira, kisha mguu mmoja mbele ya mwingine, kisigino kimegusa vidole. Kila akifungua macho, akiondoa mkono kiunoni, akiyumba hata akahamisha mguu, ni kosa moja, na makosa yanahesabiwa. Kipimo hiki kilianzia Chuo Kikuu cha North Carolina, Marekani, na chenyewe kamili huhitaji pia godoro dogo la sponji. Toleo la uwanjani huliacha godoro. Kisha kutembea juu ya utepe wa mita tatu, kisigino kwa kidole, kwenda na kurudi, saa ikihesabu. Wavulana walichekana sana hapa. Mchezaji wa mstari wa mbele, mtoto mwenye shingo ya fahali, aliyumba zaidi kwa mguu mmoja kuliko mwenzake mwembamba wa pembeni, na ukumbi mzima ukapiga makofi. Daktari aliandika makosa yake bila kucheka. "Akija kuyumba hivi Machi," aliniambia, "nitajua ni wake mwenyewe, si wa kugongwa."

Hapo ndipo niliposhika kiini cha kazi yake. Hakuna idadi moja ya makosa inayotenga mgonjwa na mzima. Mmoja huyumba kwa maumbile, mwingine kwa kifundo cha mguu kilichoteguka mwaka jana, mwingine kwa kukosa usingizi. Mtoto analinganishwa na yeye mwenyewe, na kwa hiyo lazima awepo mtu aliyemjua akiwa mzima.

Macho ndiyo yaliyochukua muda. Utaratibu wake ulitungwa na wataalamu wa Pittsburgh na kuchapishwa 2014, na ukiutazama mara ya kwanza unaweza kudhani ni mchezo wa kumbembeleza mtoto. Fuata kidole changu bila kugeuza kichwa. Sasa rusha macho kati ya vidole viwili, kulia, kushoto, upesi uwezavyo, kisha juu na chini. Sasa kaza macho kwenye herufi hii na ukitikise kichwa kama anayekataa, kwa mapigo 180 kwa dakika. Sasa nyoosha mkono, tazama gumba lako, geuka mwili mzima pamoja nalo. Baada ya kila zoezi anauliza mambo manne: kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, ukungu wa mawazo, na kila kimoja kinapewa alama kuanzia 0 hadi 10. Aliyetikiswa ubongo anaweza kuyafanya mazoezi yote vizuri na bado alama zikapanda ghafla zoezi la tatu. Ndiyo dalili yenyewe.

Na katikati ya hayo, kalamu. Mvulana anaishika mwenyewe, mkono umenyooka, anaileta polepole kuelekea puani na kusema pale herufi moja inapokuwa mbili. Futi inawekwa kati ya kalamu na ncha ya pua. Inarudiwa mara tatu na kuchukuliwa wastani. Macho mazima huvumilia hadi sentimita tano au chini ya hapo. Zaidi ya hapo, misuli inayoyavuta macho mawili yakutane imeanza kushindwa, au wakubwa wanaoiamrisha kule ubongoni wameanza kupoteana.

Mvulana mmoja wa kidato cha pili alisema "mbili" kalamu ikiwa bado mbali sana. Daktari akadhani hakuelewa. Wakarudia, yakawa yaleyale. Hakuwa amegongwa na mtu yeyote maishani mwake, raga ndiyo kwanza anaianza. Alipoulizwa kama husoma vitabu bila taabu alishangaa, kwa sababu alidhani maneno humchezea kila mtu. Nilimtazama mwalimu wa michezo akiandika jina lake, na sura yake ikionyesha anafanya hesabu ya maoni yote aliyowahi kuyaandika kwenye ripoti ya mtoto huyo.

Nilikaa hadi mechi yao ya kirafiki. Muhula wa kwanza ndio wa raga ya wachezaji 15 mashuleni, na vumbi la Januari lilikuwa limekomaa. Kipindi cha pili winga wao alikwenda kumkaba mtu mkubwa kumzidi, akaweka kichwa upande usiofaa, akapigwa na nyonga. Hakuzimia. Nasisitiza hili kwa sababu watu wengi, hata mashabiki waliokuwa karibu nami, wanaamini asiyezimia hana kitu, na kumbe wengi wanaotikisika ubongo hawapotezi fahamu hata kidogo. Aliinuka upesi. Akaelekea kusimama kwenye safu ya wapinzani.

Aliyeona kwanza ni mchezaji mwenzake, si refa wala kocha. Alimshika jezi akainua mkono.

"Niko sawa, mwalimu."

"Tulicheza na nani mara ya mwisho?"

Kimya. Kisha jina la shule, lakini ya mwaka juzi.

Akatolewa. Baba mmoja aliyesimama kando ya mstari, mkarimu aliyekuwa amenigawia njugu zake, alipaza sauti kwamba mtoto apimwe upesi arudishwe, timu inaongoza kwa pointi mbili tu. Daktari alimjibu kwa adabu bila kugeuka kwamba hakuna kipimo cha kumrudisha. Hili wengi hatulijui. Yale mapumziko ya dakika chache tunayoyaona kwenye televisheni, mchezaji akipelekwa chumbani na kurudi, ni ya raga ya kulipwa yenye madaktari waliofunzwa na kamera za marudio. Kwa watoto wa shule, shaka peke yake inatosha: ametoka, hachezi tena siku hiyo. Vipimo vya macho na miguu vinakuja baadaye, kupima ukubwa wa tatizo na kufuatilia kupona.

Ukali huo una kaburi nyuma yake. Januari 2011, Carrickfergus, Ireland ya Kaskazini, mvulana wa miaka 14, Benjamin Robinson, aligongwa zaidi ya mara moja katika mechi moja ya shule, akaendelea kucheza, akaanguka na kufa. Ubongo uliotikiswa uko katika upungufu: seli zinatumia nguvu nyingi kurudisha chumvi zake mahali pake huku damu inayoleta sukari imepungua. Pigo la pili likija katika siku hizo, kwa mtoto hasa, ubongo unaweza kuvimba bila kuzuilika. Ni nadra. Lakini wazazi wa Robinson walipiga kelele hata shule za Uingereza zikabadili taratibu zake.

Winga alikalishwa kivulini robo saa, kwa sababu hata mzima akitoka mbioni mizani yake si ya kuaminika. Kwanza zikatafutwa dalili za hatari: kutapika mfululizo, kichwa kinachozidi kuuma, mboni moja kubwa kuliko nyingine, ganzi mkononi, usingizi usioamshika, maumivu ya shingo. Hata moja ingeonekana, safari ni ya hospitali kuu ya kaunti, ambayo Nakuru nzima bado inaiita PGH, na hapo picha ya kichwa ingefaa kutafuta damu iliyovuja. Mtikisiko wenyewe haupigwi picha. Waweza kulipia picha nzuri kabisa ya ubongo unaoumwa ukaambiwa hakuna kitu.

Hakuwa na hata moja. Mguu mmoja, macho yamefumbwa: Januari hiyohiyo alikuwa ameyumba mara chache tu, sasa hakufika sekunde ya tano. Kalamu, iliyokuwa ikifika karibu kugusa pua, ikawa mbili ikiwa mbali zaidi ya upana wa kiganja. Kwenye zoezi la kutikisa kichwa alisimama mwenyewe, akashika magoti.

Jioni moja nilipelekwa mjini kuona ndondi, maana huwezi kuja Nakuru ukaondoka bila kuambiwa habari za Philip Waruinge. Kijana wa hapa, shaba ya Olimpiki Mexico 1968 pamoja na tuzo ya Val Barker ya bondia mwenye ustadi kuliko wote, kisha fedha Munich 1972. Ukumbi ambamo mabondia wa Nakuru wamevuja jasho vizazi kwa vizazi wanauita Madison Square Garden, na hakuna anayetabasamu akisema hivyo. Nilikaa kwenye benchi nikiwatazama watoto wakikwepa na kurusha ngumi, na raha niliyoipata sitaikana. Ila huu ni mchezo ambao mtikisiko wa ubongo wa mpinzani wako ni ushindi wako. Mwaka 1928 daktari wa Marekani, Harrison Martland, aliandika habari za mabondia wanaoyumba na kuzubaa kama walevi. Robert Wangila, dhahabu yetu ya Seoul 1988, alifariki Las Vegas mwaka 1994 kwa jeraha la ubongo alilolipata ulingoni. Kanuni za ndondi za ridhaa humpumzisha bondia aliyeangushwa kwa pigo la kichwa angalau siku 30. Siku zinahesabiwa na kalenda, nayo haijui kama macho yake yamerudi kukutana. Nilimuuliza kocha mmoja kama wamewahi kuijaribu kalamu. Akaomba nimwonyeshe. Tukajaribiana, mimi na yeye, na ya kwake ikawa mbili mapema mno. Akacheka akasema ni uzee. Labda.

Shuleni, mambo ya winga yalikuwa yamehamia darasani. Siku mbili za mwanzo alipumzika, lakini si kufungiwa gizani kama ilivyoshauriwa zamani. Mkutano wa wataalamu uliofanyika Amsterdam Oktoba 2022 ulithibitisha kwamba matembezi mepesi mapema yanasaidia kupona. Kurudi uwanjani kuna ngazi zake, na mashirika mengi ya raga hayaruhusu mechi kabla ya siku 21. Kila mtu shuleni alikuwa akizihesabu siku hizo. Kurudi darasani, ambako kunapaswa kutangulia, hakuna aliyekuhesabu.

Nilikwenda prepu ya usiku kumwona. Taa za mrija zilikuwa zikimetameta, wavulana wameinamia vitabu, naye amefunika jicho moja kwa kiganja. Kwa jicho moja mistari ilitulia. Kunakili kutoka ubaoni kulikuwa kubaya zaidi: juu mbali, chini karibu, juu tena, na kila mara macho yachelewe kukutana. Mwalimu wa Hisabati alikuwa amemwadhibu kwa kutomaliza kazi, kwa sababu mtoto hana bandeji, hana gongo, anacheka na wenzake bwenini. Mimi nadhani hapa ndipo kipimo cha kalamu kinapolipa gharama yake ndogo. Mzazi wa Bonde la Ufa anayeogopa kwamba mpira utamnyang'anya mwanawe kitabu anafaa ajue kwamba kalamu ile inapima hasa kama kitabu kinasomeka.

Daktari alikaa na mwalimu yule chumba cha walimu, akamwekea futi mezani na karatasi mbili, ya kabla na ya baada. Winga akapewa kiti cha mbele, noti zilizoandikwa tayari, nusu ya kazi, na mapumziko kila robo saa. Akafundishwa kuleta kalamu puani mwenyewe asubuhi na jioni, na kutikisa kichwa polepole akiwa ameketi. Mama yake alipopigiwa simu hakuuliza habari za mechi. Aliuliza mtihani wa Jumatatu. Ukaahirishwa.

Tulipokuwa tunaaga, mwalimu wa Hisabati alitufuata getini akiwa na mvulana mwingine, wa kidato cha tatu, asiyecheza chochote. Alianguka kwenye bodaboda Desemba, karibu na Elburgon, akashonwa nyuzi chache juu ya jicho, likizo ikaisha. Kalamu ikawa mbili mbali. Lakini huyu hakuwa na karatasi ya kabla.

"Nani anamjua?" daktari aliuliza.

Wakamwita anayeketi naye dawati moja. Alifikiri kidogo, akamtazama mwenzake kama anayeomba radhi.

"Zamani mimi ndiye nilikuwa naazima noti zake. Muhula huu yeye ndiye anaazima zangu."

Daktari aliyaandika maneno hayo kwenye fomu, pale panapotakiwa namba, kisha akageuza karatasi na kuandika barua ya kliniki ya macho, PGH.